Pikapu na Trela: Mzigo Ulio Nyuma Yako

Wakulima wenzangu, majira ya kuchimba viazi yakifika huku kwetu Kinangop, barabara hujaa magari madogo yenye mizigo mikubwa. Mtu mwenye pikapu ni mtu mwenye majirani wengi. Na mwenye pikapu na trela, huyo hapati usingizi: huyu ataka magunia yake yafike sokoni, yule ataka kuletewa mbolea, mwingine ana ng'ombe wa kuhamisha. Wazee wetu walipoanza kugawiwa mashamba haya ya skimu mwaka wa 1962, mzigo ulikwenda kwa gari la ng'ombe, kwa punda na kwa mgongo wa mama. Wajukuu wao leo wana pikapu, na wengi wamemwendea fundi wa jua kali awatengenezee trela ya magurudumu mawili kutokana na ekseli kuukuu ya motokaa. Hilo ni jambo jema. Trela haina injini ya kuharibika, na kwa safari moja huchukua mzigo ambao ungehitaji safari mbili.

Lakini kuna jambo moja la kushangaza. Mtu akitaka kuendesha gari hufundishwa, hufanyiwa mtihani, hupewa leseni. Trela huletwa nyumbani siku ya Jumamosi, na Jumatatu alfajiri imo barabarani na mzigo, wala hakuna aliyemwambia mwenyewe neno hata moja juu yake. Ndiyo sababu nimeshika kalamu mwezi huu.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, wala si fundi wa magari. Nilisomea ualimu, kwa hiyo msinicheke mkiniona nikieleza kama mtu aliye mbele ya ubao. Haya nitakayoandika nimeyatoa katika vitabu vya magari, kwa mafundi wawili ninaowaamini, na katika asubuhi moja ambayo sitaisahau.

Jirani yangu mmoja, ambaye ameniruhusu kuisimulia habari hii ila nisimtaje jina, alipakia viazi usiku ili awahi soko. Nami nilimwomba anichukue hadi ofisini. Pikapu ilikuwa na magunia sita, trela ilikuwa na tisa, na juu ya magunia ya trela aliketi mpwa wake, kijana wa shule, ili ashikilie turubai lisipeperuke. Trela ile ilikuwa ya namna ya zamani: mwisho wa shingo yake pana pete ya chuma, na pini nene hupita katikati ya pete kuishika kwenye gari. Pini hiyo nene huzuiwa chini kwa pini nyembamba ya kupinda, isije ikaruka. Ile nyembamba ilikuwa imepotea, na mahali pake palikuwa pametiwa msumari wa inchi nne.

Niliuona ule msumari. Nilikuwa nimeinama kufunga kamba ya kiatu, ukawa mbele ya macho yangu kabisa. Nikajiambia, mwenye gari analijua gari lake. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Tulikwenda kilomita nne hivi kwa barabara ya moramu yenye mawimbi, ile inayotikisa hata meno. Tulipokuwa tukipanda kilima, jirani alibadili gia, gari likashtuka, kisha likawa jepesi ghafula na kukimbia mbele kama maksai aliyefunguliwa nira. Nikageuka kutazama kioo cha nyuma. Trela ilikuwa inarudi chini kilimani, shingo yake ikipigapiga ardhi, na yule kijana bado yuko juu. Chini ya kilima walisimama akina mama na watoto wa shule wakingoja gari. Trela ilipinda yenyewe, ikaingia mtaroni na kupinduka. Kijana aliruka kabla haijapinduka, akavunjika mfupa wa paja. Wale wengine hawakuguswa. Nilipima kwa hatua baadaye, nikapata hatua ishirini kutoka trela hadi pale waliposimama.

Kijana alikaa hospitali majuma saba. Jirani aliuza mtamba wake wa Friesian aliyekuwa na mimba ya kwanza ili kulipa gharama. Viazi vyenyewe viliokotwa na kila mpita njia, na sikumwona mtu aliyeona haya.

Sasa tuyatazame makosa, nami nitaanza na lile ambalo watu hawalioni kuwa kosa, yaani uzito.

Siku ile baada ya ajali, gunia moja lililosalia zima tulilipeleka kwenye mizani ya chama cha ushirika. Lilikuwa la lumbesa, lenye kilemba cha viazi juu kilichofungwa kwa wavu. Mizani ilisoma kilo 132. Basi piga hesabu nami. Magunia tisa ya kilo 132 ni kilo 1,188. Trela tupu, ya chuma na mbao, ni kama kilo 250. Jumla ni kilo 1,438. Trela ile haikuwa na breki zake. Kitabu cha pikapu nyingi husema ya kuwa trela isiyo na breki isizidi kilo 750, pamoja na mzigo wake. Kwa hiyo jirani alikuwa anavuta karibu mara mbili ya inavyoruhusiwa, naye alijua tu kwamba amepakia "magunia tisa".

Hapo ndipo ubaya wa lumbesa unapozidi. Twajua sote jinsi unavyomwibia mkulima sokoni, maana yeye huuza kwa gunia na mnunuzi hupima kwa macho. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 zaagiza gunia lisizidi kilo 50. Wengi huona kanuni hiyo ni ya bei peke yake. Lakini mtu anayepakia magunia ya kilo 50 anajua anachovuta: kumi ni nusu tani. Tia kilo 250 za trela, umefika 750, simama hapo. Mwenye kupakia lumbesa hajui anavuta nini mpaka kilima kimwambie. Hesabu hiyo hiyo yatumika kwa mbolea na saruji, ambazo mfuko wake ni kilo 50, na kwa mahindi ya gunia la kilo 90.

Mbona kitabu kikatae zaidi? Si kwamba injini haiwezi kuvuta. Injini yaweza, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Shida ni kusimama. Trela isiyo na breki husimamishwa na breki za pikapu peke yake, nayo humsukuma mwenziwe mgongoni kama mtu mzima amsukumavyo mtoto mlangoni. Kuna trela zenye breki inayojikaza yenyewe wakati trela inapoisukuma pikapu, na hizo zaweza kuvutwa zikiwa nzito zaidi, kwa kadiri kitabu cha gari lako kinavyosema. Ukiwa wataka kubeba tani nzima kila juma, mwambie fundi akutafutie ekseli yenye breki. Ni ghali kuliko ekseli kuukuu, lakini umekwisha kusikia bei ya mtamba.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka mzigo. Hapa nitawarudisha shuleni kidogo. Mwaikumbuka bembea ya ubao, watoto wawili huku na huku, na gogo katikati? Trela ya magurudumu mawili ni bembea hiyo. Ekseli ndiyo gogo. Ukipakia magunia yote nyuma ya ekseli, pua ya trela hutaka kupaa juu, nayo huinua matako ya pikapu, magurudumu ya nyuma yasishike barabara. Ukipakia yote mbele, pikapu hukaa chini nyuma kama mbwa, magurudumu yake ya mbele huwa mepesi, usukani hulegea mikononi, na taa zako usiku humulika miti na macho ya watu.

Kipimo kizuri ni pua ya trela iliyopakiwa iwe na uzito wa kumi kwa mia ya trela nzima. Kama trela na mzigo ni kilo 750, pua ilalie gari kwa kilo 75, yaani mtu mzima mmoja aliyeshiba. Huna haja ya kubahatisha. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya trela, twaa mizani ya chini kama ile ya kupimia viazi, simamisha juu yake kipande cha mti chenye kimo cha kiungo cha gari lako, ulaze pua ya trela juu ya mti huo, trela ikiwa sawasawa haikuinama mbele wala nyuma. Soma mizani. Ikiwa ni ndogo mno, sogeza gunia moja mbele ya ekseli. Ikiwa kubwa mno, rudisha moja nyuma. Ukifanya hivyo mara mbili tatu, jicho lako litazoea na utaweza kupakia bila mizani. Na usisahau ya kuwa hizo kilo 75 zahesabiwa katika mzigo wa pikapu yenyewe, pamoja na wewe na abiria wako.

Vitu vizito vikae chini na karibu na ekseli, vyepesi juu na miishoni. Funga kamba mpaka mzigo na trela viwe kitu kimoja. Mzigo unaotembea ndani ya trela ni mbaya kuliko mzigo uliozidi, maana hujui sasa hivi uko wapi.

Maji yanastahili neno lake. Watu wengi siku za ukame huweka tangi juu ya trela na kwenda mtoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 ni tani moja kamili, na trela isiyo na breki haliwezi. Tena tangi lililojaa nusu lina hatari yake, kwa sababu maji hukimbilia mbele unaposhika breki na kukimbilia upande unapokata kona. Afadhali mapipa mawili ya lita 200 yaliyojaa pomoni na kufungwa, kuliko tangi moja linalocheza.

Na ng'ombe? Ng'ombe mkubwa wa Friesian hufika kilo 500 na zaidi. Ng'ombe mmoja, trela moja, umefika mpaka wako. Mfunge kichwa kielekee mbele, kamba iwe fupi asiweze kugeuka, na kuta za trela ziwe za juu. Tandika nyasi au takataka za mbao asiteleze. Majani makavu ya ng'ombe kwa upande wake ni mepesi, lakini marobota yakipangwa juu sana huwa tanga la jahazi, na upepo wa Kinangop mnaujua wenyewe.

Twende sasa kwenye kiungo, mahali ule msumari ulipokuwa. Pikapu nyingi za siku hizi zina tufe la chuma nyuma, na trela ina kikombe kinacholifunika tufe na kujifunga. Tufe si tufe tu. Kuna la milimita 50, ambalo ndilo la kawaida, na kuna la zamani dogo kidogo, inchi 1 na sehemu saba za nane, ambalo ni karibu milimita 48. Kikombe cha tufe kubwa hukaa juu ya tufe dogo vizuri kabisa, na kwa macho hutaona tofauti. Kitashika katika tambarare, kisha penye shimo kubwa kitaruka. Ipo namba iliyopigwa juu ya tufe na juu ya kikombe, isome. Ukiisha kufunga, jaribu kuinua shingo ya trela kwa mikono, au kwa jeki. Matako ya pikapu yakiinuka nayo, umefunga. Kikombe kikitoka, mshukuru Mungu kwamba kimetokea uani.

Chuma kinachobeba tufe hapana budi kifungwe kwa bolti kwenye chasisi, yaani mifupa ya gari, pande zote mbili. Nimeona pikapu, tena si moja, ambazo chuma hicho kimechomelewa kwenye bampa. Bampa ni bati la kupokea teke, halikuumbwa kuvuta. Vilevile usimruhusu fundi kuitoboa au kuichomelea chasisi ovyo ovyo. Mwulize atatumia matundu gani, na ukaze nati tena baada ya safari ya kwanza, maana bolti mpya hulegea.

Kama trela yako ni ya pini na pete, pini ndogo ya kuzuia ni ya shilingi chache. Nunua sita, uziweke katika sanduku la gari. Msumari ni chuma laini kilichoumbwa kuingia katika mti. Kwenye barabara ya mawimbi huliwa na kupinda, kisha pini kubwa hupanda kidogo kidogo kama kizibo cha chupa.

Tena funga minyororo miwili kutoka shingo ya trela hadi chasisi, ikipishana chini ya kiungo kama mikono iliyokunjwa. Kiungo kikikatika, shingo ya trela huangukia juu ya ile minyororo wala haichimbi barabara, na trela haiendi zake. Iachie nafasi ya kukata kona, lakini isiburuzike chini. Siku ile jirani yangu angekuwa na mnyororo mmoja tu, tungesimama, tungetukana kidogo, na tungefika sokoni tumechelewa.

Taa za pikapu hufichwa na trela, kwa hiyo trela iwe na zake: za nyuma, za breki na za kuonyesha upande, zenye waya unaochomekwa kwenye gari. Tia na vioo vyekundu vya kung'aa nyuma. Kati ya Flyover na Limuru ukungu wa alfajiri huwa mzito hata dereva haoni ng'ombe aliye mbele yake, na lori linalokuja nyuma yako halijui kwamba wewe ni mrefu hivyo.

Sasa umepakia, umefunga, umo njiani. Kumbuka mambo mawili juu ya nchi yetu ya juu. Kinangop iko kadiri ya mita 2,500 juu ya bahari. Hewa huku ni nyembamba, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Yaani pikapu iliyokuwa na nguvu za farasi mia moja kule Mombasa, huku imeacha farasi wapatao ishirini na watano njiani. Usishangae ikilia kilimani. La pili, maji huchemka upesi zaidi, kadiri ya digrii 91 katika sufuria iliyo wazi, badala ya 100. Kifuniko cha rejeta hukaza maji yasichemke mapema, kwa hiyo kifuniko kibovu huku ni hasara kuliko pwani. Panda kwa gia ndogo mapema, kabla injini haijaanza kuhema. Mshale wa joto ukipanda, simama, acha injini inguruma polepole, na usifungue rejeta mpaka ipoe. Wapo watu katika skimu hii wenye makovu ya uso kwa sababu ya haraka hiyo.

Kupanda hakumwui mtu sana. Kuteremka ndiko. Ukishuka kutoka Kinangop kwenda Naivasha, au ukiteremka Mai Mahiu kwa ile barabara iliyojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, teremka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia. Iingize juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, maana katikati ya mteremko huenda isiingie. Iache injini izuie gari. Breki uzishike kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue, kisha uziachilie zipoe. Anayeweka mguu juu ya breki kutoka juu hadi chini huzipasha moto mpaka zikose kushika, na mafuta ya breki yakiwa makuukuu na yamenyonya maji hutokota, mguu ukazama mpaka sakafuni pasipo kitu. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali pa kusimama sasa hivi, si kule mbele. Usimwage maji juu ya magurudumu, ngoja tu.

Juu ya mwendo, hesabu yake ni hii, nayo huwashangaza hata wanafunzi wakubwa. Ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama tangu ushike breki haizidi mara mbili. Huzidi mara nne. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa ahitaji mara nne ya nafasi ya anayekwenda 30. Mimi kwa maoni yangu 60 katika lami na 30 katika moramu zamtosha mtu mwenye trela iliyojaa, na anayetaka kupita na apite.

Trela ikianza kutikisa mkia huku na huku, moyo utakuambia ushike breki kwa nguvu au uupindepinde usukani kuifuata. Usiusikilize. Ondoa mguu kwenye mafuta pole pole, shika usukani imara uelekee mbele, mwendo upungue wenyewe. Itatulia. Kisha simama kando uutazame mzigo, kwa sababu trela iliyopakiwa sawa haitikisi mkia kwa mwendo huo; huenda gunia limesogea nyuma, au tairi moja limepungua upepo.

Kurudi nyuma ndiko kunakowaaibisha wanaume mbele ya watu. Nimemwona mtu mwenye miaka ishirini ya uendeshaji akifungua trela sokoni na kuisukuma kwa mikono ya vijana. Siri yake ni ndogo. Shika usukani chini kabisa, mahali pa saa sita ya kizungu. Unapotaka trela iende kulia, sogeza mkono kulia. Unapotaka iende kushoto, sogeza kushoto. Nenda polepole kama konokono na ugeuze kidogo kidogo. Trela ikianza kujikunja kama kisu cha mfukoni, usishindane nayo: songa mbele hatua chache, inyoke, uanze tena. Na ukiwa na hiari, rudi kwa upande wa kulia, kwa sababu ndiko unakokaa na waweza kuona. Mtu mmoja na ashuke asimame mahali unapomwona kiooni, si nyuma ya trela. Nenda uwanja wa mpira siku pasipo na mchezo, panga madebe manne, jizoeze. Mimi nilihitaji jioni tatu, na debe moja mpaka leo halisimami.

Watu wasipande juu ya trela. Si wa kushika turubai, si wa kulinda mzigo, si mtoto anayeomba kwenda kuona soko. Kamba yashika turubai bora kuliko kijana.

Juu ya karatasi nitasema kwa ufupi. Trela husajiliwa na kupewa namba yake, ile inayoanza kwa herufi Z. Waulize wanaohusika na leseni kama daraja lako la udereva lakuruhusu kuvuta trela, na umwambie mwenye bima kwamba unavuta. Bima isiyojua habari ya trela yaweza kuikana siku unapoihitaji.

Mwisho kabisa, beringi. Trela za ekseli kuukuu huja na beringi kuukuu. Zifunguliwe na kupakwa grisi mpya kabla ya kila majira ya mavuno. Ukiwa njiani, baada ya kilomita kumi simama uguse katikati ya kila gurudumu la trela kwa nyuma ya mkono. Joto la chai iliyopoa si neno. Ukishindwa kuuacha mkono pale, usiendelee, maana gurudumu hilo lakusudia kuondoka. Na uwe na tairi la akiba la trela yenyewe, kwa sababu la pikapu mara nyingi halina matundu sawa.

Yule kijana amepona na amerudi shule, ingawa hupepesuka kidogo akikimbia. Jirani alimwita fundi mwingine akatengeneza trela upya: minyororo miwili, taa, na pini mpya iliyofungwa kwenye shingo kwa mnyororo mdogo ili isipotee. Hupakia magunia kumi ya kilo 50, hayazidi. Lakini ukaguzi wa asubuhi hakuuacha kwa fundi wala hafanyi yeye mwenyewe. Kijana ndiye huinama kwa tochi, akaanzia kwenye pini, akazunguka magurudumu, akamaliza kwenye taa, na mjomba hawashi gari mpaka asikie "haya". Juma lililopita niliomba tena kupelekwa ofisini. Nilipokuwa naingia ndani, kijana alinirudisha nyuma, akanipa ile tochi, akasema, "Mwalimu, tazama na wewe."